Mtoto akiuliza Langenburg ni wapi, mpeleke Tukuyu

Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili liingie kwenye mtaala mpya, wazazi wengi wamejikuta wakisaidia kazi za nyumbani ambazo wao wenyewe hawakuwahi kupewa. Mtoto anataka kujua mji wa jirani ulianzaje, jengo lile la zamani lilijengwa na nani, babu yake alipokuwa mdogo aliishije. Mzazi wa Nkunga, Kiwira au Katumba anamkumbuka Karl Peters na Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, maana ndivyo alivyokariri kwa ajili ya mtihani. Ukimuuliza kuhusu Tukuyu, mji anaokwenda kuuza ndizi, kutibiwa na kufuatilia karatasi za halmashauri, maelezo yanaishia kwenye sentensi moja: "Ulijengwa na Wajerumani."

Sentensi hiyo si ya uongo, ila imebeba nusu ya habari, tena nusu iliyo nyepesi. Wanaoweza kumalizia nusu nyingine ni bibi na babu zetu, na hao wanapungua kila mwaka. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 aliketi kwenye moto mmoja na watu walioiona Vita ya Kwanza ya Dunia kwa macho yao, waliobeba mizigo ya majeshi na kulipa kodi kwa rupia. Kama hatujamuuliza sasa, mtoto wetu atabaki na ile sentensi moja.

Kwa hiyo wiki hii tuanze na jina, kwa sababu jina lenyewe ni kisa.

Langenburg zilikuwa tatu

Kwenye ramani za Wajerumani za kabla ya 1914 huwezi kuona mji unaoitwa Tukuyu. Mahali pake pameandikwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Mtoto mwenye akili atauliza papo hapo: kama hii ndiyo mpya, ya zamani ilikuwa wapi?

Ya kwanza kabisa iko Ujerumani hadi leo, katika jimbo la Baden-Württemberg. Ni mji mdogo sana, wakazi wake hawafiki 2,000. Umekaa juu ya mgongo mwembamba wa kilima, chini yake unapita mto Jagst. Nyumba zimepangana kufuata mgongo huo hadi mwisho, ambako kuna kasri la ukoo wa watawala wa zamani, ukoo wa Hohenlohe-Langenburg. Ukitafsiri jina neno kwa neno unapata "ngome ndefu", na anayeutazama mji ule akiwa bondeni anaelewa kwa nini.

Mwaka 1887 mmoja wa wakuu wa ukoo huo, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, alikuwa rais wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, chama cha watu wenye fedha na vyeo waliokuwa wakisukuma serikali yao ichukue ardhi Afrika. Alikuwa na nguvu, na watu wenye nguvu hupewa majina ya mahali ili wafurahi. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alifika Ziwa Nyasa na meli iliyoletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Akaanzisha kituo upande wa kaskazini mashariki mwa ziwa, mahali ambapo leo ni Lumbila, wilayani Ludewa. Kituo kikaitwa Langenburg. Hiyo ndiyo ya pili.

Haikudumu. Ufuko wa ziwa ulikuwa na joto na malaria iliwaangusha Wazungu mmoja baada ya mwingine. Tena, watu wengi na chakula kingi havikuwa pale chini ya milima ya Livingstone. Vilikuwa huku juu, kwenye migomba. Karibu na mwaka 1900 makao ya wilaya yakahamishiwa kwenye kilima chenye ubaridi kusini mwa mlima Rungwe, na jina likabebwa pamoja na makabati ya ofisi. Hiyo ndiyo ya tatu, Langenburg Mpya.

Wenyeji hawakuhitaji jina la mtu wa Ujerumani ambaye hawakumjua. Kilima kilikuwa na jina lake, Ntukuyu, na watu waliendelea kulitumia huku maofisa wakiandika lao kwenye barua. Wajerumani walipoondoka mwaka 1916, jina lao lilifutika upesi, na Tukuyu ikabaki. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wenzake: Bismarckburg ilirudi kuwa Kasanga, Wilhelmstal ni Lushoto, Sphinxhaven ni Liuli, Wiedhafen ni Manda. Mpe mtoto ramani ya Tanzania na majina hayo matano. Ni mchezo mzuri wa jioni kuliko katuni.

Waliokuwapo kabla ya boma

Kosa kubwa la ile sentensi yetu fupi ni kudhani kwamba kabla ya Mjerumani hapa palikuwa msitu. Mwaka 1879, zaidi ya miaka 20 kabla ya boma, msafiri kutoka Scotland aitwaye Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa na kuusifu Unyakyusa kwa namna ambayo hakusifu sehemu nyingi za safari yake. Aliona vijiji vilivyofagiliwa chini ya migomba, nyumba zilizojengwa kwa ustadi, ng'ombe wanono. Alifika kwa watu waliokuwa wameshajipanga.

Kisha wakaja wamisionari, nao pia waliutangulia mji. Mwaka 1891 Wamoravian wanne walipanda kutoka ziwani hadi Rungwe: Theodor Meyer, Theophil Richard, Johannes Häfner na Georg Martin. Martin hakuumaliza mwaka huo. Alifariki kabla kituo hakijasimama vizuri. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilianza kazi upande mwingine wa Unyakyusa. Kutoka kwa misheni ya kwanza tunalo Kanisa la Moravian Jimbo la Kusini, na kutoka kwa ya pili tunayo KKKT Dayosisi ya Konde. Mzazi anayempeleka mtoto ibadani Jumapili anampeleka mahali penye umri mkubwa kuliko ofisi ya mkuu wa wilaya.

Jambo la kumweleza mtoto hapa ni rahisi. Boma halikuleta watu. Boma lilifuata watu, mvua na mikungu ya ndizi.

Kodi, kiboko na hela

Sasa tufike kwenye boma lenyewe. Liko pale mjini, na kwa miaka yote hii limeendelea kutumika kwa shughuli za utawala. Huenda wewe msomaji umewahi kupanga foleni kwenye eneo lake bila kuwaza ukuta ule umeona nini.

Kutoka hapo Wajerumani walitawala eneo kubwa kuliko Rungwe ya leo. Kyela na Ileje, ambazo zilipata kuwa wilaya miaka ya 1970, zilikuwa ndani yake, pamoja na nchi ya Wakinga na ya Wasafwa. Mbeya kama mji haikuwapo. Mtu wa Usafwa aliyekuwa na shauri la serikali alitembea kuja Tukuyu, si kinyume chake. Watoto wanaoiona Mbeya kama jiji na Tukuyu kama kamji ka njiani hushangaa sana kusikia hivyo.

Kazi ya kwanza ya boma ilikuwa kukusanya kodi. Kuanzia 1898 kila nyumba katika koloni ilidaiwa, na vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye ng'ombe, migomba na maziwa, lakini asiye na rupia hata moja, maana yake ilikuwa moja tu: nenda kafanye kazi ya Mzungu upate sarafu, kisha urudi umpe Mzungu sarafu hiyo. Hapo ndipo safari za vijana wa kiume kwenda kutafuta kibarua mbali na nyumbani zilipoanzia, na kusema kweli hazijakoma.

Asiyelipa au asiyetii alikutana na kiboko. Amri ya serikali ya Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana wazee katika sehemu nyingi za nchi walitumia maneno "hamsa ishirini" kwa adhabu ya Mjerumani. Kuna wazazi wanaoona afadhali mtoto asisikie habari hizo. Mimi naona mtoto wa darasa la tano anazimudu, hasa akiambiwa na mama yake nyumbani kwa sauti ya kawaida, kuliko kuzikuta mtandaoni zikiwa zimetiwa chumvi.

Lakini mpe na zile nyepesi. Neno "shule" tulilichukua kwa Wajerumani. Neno "hela" pia: mwaka 1904 waliigawa rupia kuwa heller 100, na visenti vile vidogo vikaingia kwenye kinywa cha kila mtu. Heller ilikufa zamani hata huko kwao, lakini hapa mtoto anaitamka kila asubuhi akidai ya nauli.

Mji ulivyobadilisha mikono

Vita ilipoanza Agosti 1914, Neu-Langenburg ilikuwa mji wa mpakani, karibu kabisa na Waingereza wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Jeshi la Wajerumani lenye makao huku, kikiwemo kikosi cha Masoko, liliteremka kuishambulia Karonga tarehe 9 Septemba 1914 likashindwa. Baada ya hapo mpaka ulitulia kwa muda mrefu, hadi Mei 1916, Jenerali Edward Northey alipovuka na majeshi ya Waingereza. Mwisho wa mwezi huo mji ulikuwa mikononi mwake. Wajerumani walikuwa wamejiondoa kuelekea kaskazini mashariki, hawakutaka kupigania kilima.

Kwenye vitabu habari hii huchukua aya moja. Kwa familia ilichukua miaka. Majeshi yote mawili yalitegemea wapagazi, na wapagazi walikuwa babu zetu na wa majirani zetu, wakichukuliwa mashambani kubeba risasi na unga hadi mahali ambapo wengi hawakurudi. Chakula kilichukuliwa. Vita ilipoisha, homa kali ya mafua ya 1918 ikamalizia kazi. Kama katika ukoo wenu kuna jina la mtu ambaye "alienda na vita", liandike kwenye daftari la mtoto pamoja na kijiji alichotoka. Hakuna kitabu kitakachokuandikia hilo.

Wamisionari wa Kijerumani nao waliondolewa, na kwa karibu miaka 10 vituo vya Rungwe viliangaliwa na Waskoti wa Livingstonia waliotoka Nyasaland, pamoja na walimu Waafrika. Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, wengine kama wamisionari na wengine kama walowezi wa kahawa na chai, kisha vita ya 1939 ikawaondoa tena. Kwa hiyo ukisikia mzee anasema "wakati wa Mjerumani", muulize taratibu: ni Mjerumani yupi, wa boma au wa shamba la chai? Ni vipindi viwili tofauti, na vikichanganywa, simulizi nzima hupotea njia.

Kijana wa miaka 10 anahama nyumbani

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ukurasa huu ni wa familia, na hakuna jambo la Unyakyusa wa zamani linalowagusa wazazi kama hili.

Kati ya 1934 na 1938 wanandoa wawili wasomi, Godfrey na Monica Wilson, waliishi Rungwe wakijifunza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kuhusu jambo lililowashangaza kuliko yote: vijiji vya rika. Sehemu nyingi za dunia watu hukaa kijiji kimoja kwa sababu ni ndugu. Huku walikaa kijiji kimoja kwa sababu walizaliwa wakati mmoja.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa kiume akifikisha miaka 10 au 11, baada ya muda wa kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake, aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na rika lake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya kitoto, na kadiri walivyokua vikawa nyumba kweli. Kula walirudi kwa mama zao, lakini si kila mmoja kwake. Walikwenda kundi zima kwa mama wa huyu, kisha wa yule, na mama alijua kwamba akipika anapika kwa kundi. Shamba walilima la baba. Walipooa, walileta wake zao kwenye kijiji chao. Ulipotimia wakati wa rika lao, baba zao waliwakabidhi nchi kwa sherehe kubwa, ubusoka, na wazee wakasogea pembeni.

Sababu zake zilikuwa za heshima. Mkwe wa kike hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake, na vijana waliokwisha kupevuka hawakutakiwa kulala karibu na wazazi. Lakini ilikuwa pia shule. Kijana alijifunza kula na wenzake, kusema ukweli mbele yao, kupokea mgeni na kumaliza ugomvi bila kukimbilia kwa baba. Mtu aliyekula peke yake alionekana ana kasoro.

Sipendekezi mtu amjengee mwanawe kibanda. Hata wakati akina Wilson wanaandika, utaratibu ule ulikuwa umeanza kuchakaa: kahawa ilifanya ardhi iwe na thamani ya fedha, vijana wengi walikuwa safarini kutafuta kazi, na watu waliongezeka kuliko nafasi ya kujenga vijiji vipya. Lakini mzazi anayelalamika leo kwamba mtoto wa miaka 10 hawezi kuosha sahani yake, au anayempeleka bweni darasa la nne na kulia njia nzima, ajue bibi wa bibi yake alikuwa na mawazo mengine kabisa kuhusu umri huo. Muulize mzee wa kwenu kama alisikia habari za kulala kwa rika, na mama gani pale kijijini alijulikana kwa kupika mbalaga za kutosha wote. Nakuhakikishia simu itawekwa chini.

Mji wa soko

Waingereza waliiita wilaya Rungwe na kuacha makao yake Tukuyu, lakini uzito ulianza kuhama. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Mbeya ikachomoza kwa ajili yake. Vijana wa Rungwe wakaenda Lupa kwa miguu, baadaye wakaenda migodi ya shaba ya Zambia na hadi Afrika Kusini. Mama ndiye aliyebaki na shamba.

Nadhani hapo ndipo Tukuyu ilipopata tabia iliyo nayo. Boma lilitoa amri, ila mji ulikua kwa soko, na soko limeshikwa na wanawake. Udongo wa volkano wa mlima Rungwe, ambao unafika karibu mita 2,960, na mvua ambayo kwa mwaka mara nyingi hupita milimita 2,000, vimefanya shamba lisiwe na likizo. Kuna ndizi za kupika na za kuiva, viazi mviringo, maharage, maziwa, chai, kahawa, na sasa parachichi. Fuso zinapakia usiku kwenda Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam. Kutoka Kyela unapanda mchele na kakao. Mtu wa Nkunga anayeshuka na mikungu yake asubuhi anarudi na sabuni, daftari na dagaa, na mji umetimiza kazi yake.

Chai ilianza kama zao la mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru wakulima wadogo wakaingia, na leo wana sehemu yao katika kampuni ya Wakulima Tea kupitia chama chao. Parachichi za Rungwe zinafika masoko ya Ulaya. Inawezekana kabisa kwamba mtu wa ile Langenburg ya kwanza amewahi kula moja bila kujua imetoka Langenburg ya tatu.

Na kama mtoto anapenda mpira kuliko historia, usikate tamaa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, yaani wanaume, walipanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara msimu huohuo. Simba na Yanga zilibaki zikitazama. Kwa watu wengi wa umri wangu hiyo ndiyo siku Tukuyu ilipotajwa redioni kwa jambo lisilohusu mvua.

Wenzetu wanaishi kwa historia yao

Nirudi kidogo Ujerumani, kwa sababu kuna jambo linaniudhi. Ule mji wenye watu wasiofika 2,000 unajulikana kote kwao. Kasri lao liliungua Januari 1963, wakalitengeneza upya. Sehemu yake wakaifanya jumba la makumbusho la magari ya zamani. Wana biskuti zao ndogo kama vifungo, zinazoitwa Wibele, zilizoanza karne ya 18 na zinazouzwa hadi leo kwa mgeni yeyote anayepita. Malkia Elizabeth wa Pili aliwatembelea mwaka 1965 kwa kuwa dada wa mumewe aliolewa kwenye kasri lile, na habari hiyo bado wanaiuza.

Sisi tuna boma, tuna Rungwe Misheni, tuna ziwa Ngosi kwenye shimo la volkano, tuna Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Tuna mlima ambako mwaka 2003 watafiti walimkuta kipunji, nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku zote. Mgeni kutoka Ulaya anapanda yote hayo kwa siku tatu. Mtoto wa Nkunga anamaliza darasa la saba bila kuona hata moja. Nauli si kubwa. Shida ni kwamba tumezoea kuamini kuwa utalii ni jambo la watu wengine.

Mkitaka kuanza, anzeni karibu. Jumamosi moja mpeleke mtoto sokoni akiwa na kazi, si kama mzigo: ahesabu mikungu, aulize kila muuzaji ametoka kijiji gani, aandike. Kisha mzunguke hadi boma mlitazame kwa nje. Kuingia ndani kunahitaji ruhusa, na siku za kazi watu wako kwenye shughuli zao. Siku nyingine nendeni Rungwe Misheni. Kwa wakubwa kidogo, Masoko, kama kilomita 15 kutoka mjini, ndiyo safari nzuri kuliko zote. Pale kwenye ziwa Kisiba, lililo kwenye shimo la volkano, kuna jengo la mawe lililokuwa la kikosi cha Wajerumani, ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Wazee husimulia kwamba askari waliokimbia mwaka 1916 walitupa silaha na sarafu ziwani, na wenyeji wamekuwa wakiwaonyesha wageni sarafu za zamani wanazosema zimetoka humo. Zikiwa za kweli, mtoto atasoma juu yake maneno ya Kijerumani na neno Heller.

Asiogelee bila mtu mzima, ziwa lina kina. Na mwezi wowote mtakaokwenda, bebeni mwavuli na viatu visivyoteleza, hata kama asubuhi jua limewaka Nkunga nzima.